Hofu ya Bandari

Mwaka 1936, katika mji mdogo wa Everett, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mpenda vitabu mmoja aitwaye William Crawford alipiga chapa hadithi ndefu ya kutisha kwa mtaji mwembamba na zana zisizotosha. Nakala alizozijalidi zilikaribia 200, na bei ya kila moja ilikuwa dola 1. Makosa ya chapa yalijaa humo hata mtunzi akashikilia itiwe karatasi ya masahihisho. Na nakala zilizopita mikononi mwake alizisahihisha mwenyewe, kosa kwa kosa, kwa kalamu. Hadithi yenyewe iliitwa The Shadow over Innsmouth. Mtunzi alikuwa Howard Phillips Lovecraft, mkaazi wa Providence, Rhode Island. Tarehe 15 Machi 1937 alifariki kwa saratani, umri wake miaka 46, na hicho kikabaki kuwa kitabu pekee cha hadithi zake kilichojalidiwa na kuuzwa angali hai.

Mtu huyo huyo anahesabiwa leo miongoni mwa mabwana wa fasihi ya kutisha wa karne ya 20. Hadithi zake zimefasiriwa kwa lugha nyingi, zimezaa filamu na michezo, na majina aliyoyabuni yanatajwa hata na watu wasiopata kumsoma. Vipi mtu avuke kutoka nakala 200 zenye makosa hadi huko? Suala hilo lina jawabu zuri, na jawabu lake ni wasomaji. Lakini liko suala la pili, gumu zaidi, linalomhusu khasa msomaji wa pwani na visiwani. Kitabu hicho kimoja kiliandikwa kuwatisha watu kwa bandari, na kwa wakaazi wa bandari waliochanganya damu kwa sababu ya bahari. Msomaji aliyezaliwa katika mji wa namna hiyo akishike vipi?

Kisa cha wasomaji chaanzia mwaka 1914, Lovecraft alipojiunga na United Amateur Press Association, chama cha watu waliochapa vigazeti vyao wenyewe na kupelekeana kwa posta. Hapakuwa na malipo wala duka. Mwanachama aliandika, akachapa, au akachapiwa na mwenzake mwenye kimashine, kisha akabandika stempu. Lovecraft alikuwa amejifungia nyumbani miaka kadhaa, mwenye afya dhaifu na moyo uliokata tamaa, na katika chama hicho alipata hewa ya kuvuta. Alikuwa na kigazeti chake, The Conservative, kilichotoka kati ya mwaka 1915 na 1923, na hadithi zake za mwanzo zilitoka katika vigazeti vya wenzake. Jarida la Weird Tales, lililoanzishwa Chicago mwaka 1923, ndilo lililokuja kumlipa; lakini liliyakataa mengi, na chumo alilolitegemea zaidi lilikuwa kusahihisha na kuandika upya kazi za watu wengine.

Barua ndizo zilizokuwa baraza lake. Wataalamu wanakadiria kuwa aliandika barua makumi ya maelfu, baadhi yake zenye kurasa kwa makumi, kwa watu waliotawanyika kutoka New England hadi California. Na wapenzi wa ushairi wana haki ya kujua kwamba mojawapo ya milango mikubwa ya baraza hilo ilifunguliwa na mashairi. Mwezi Agosti 1922, akiwa ziarani mjini Cleveland, Lovecraft alionyeshwa na rafiki yake, mshairi Samuel Loveman, tungo za Clark Ashton Smith, mshairi kijana wa Auburn, California. Mwezi huo huo akamwandikia barua ya kumsifu. Walikaa wakiandikiana hadi kifo kilipoingia kati, karibu miaka 15, na hawakuonana hata siku moja. Smith naye alikuwa mchapaji wa kujitegemea. Mwaka 1922 alitoa diwani yake Ebony and Crystal kwa kutumia matbaa ya gazeti la mjini kwao, na mwaka 1933 akaichukua mikono ile ile kuzichapa hadithi 6 za kutisha katika kijitabu alichokiita The Double Shadow and Other Fantasies, bei senti 25. Mwenye senti hizo alizitia bahasha, akangojea posta.

Vitabu navyo vilisafiri. Mwaka 1933 kijana wa miaka 16 wa Milwaukee, Robert Bloch, alimwandikia Lovecraft kumuuliza wapi atazipata hadithi zake za zamani. Mtu mwingine angelimwelekeza dukani. Lovecraft alimjibu kwamba angemwazima nakala zake mwenyewe. Kisha akamfungulia kabati lake la vitabu, achague. Kisha, barua ilipozoeana na barua, akamwambia ajaribu kuandika. Yaliyofuata yatawafurahisha wanaojua jinsi washairi wanavyojibizana. Mwaka 1935 Bloch alichapisha hadithi ambamo mhusika anayefanana sana na Lovecraft anauawa vibaya. Kabla ya hapo alikuwa ameomba ruhusa, na Lovecraft akampa hati rasmi ya kumruhusu amuue, yenye mashahidi waliokuwa wahusika wa kubuni. Mwaka 1936 jibu likatoka katika Weird Tales: hadithi ya Lovecraft iliyotunukiwa Bloch, ambamo kijana mtunzi aitwaye Robert Blake anakutwa amekufa dirishani, macho wazi. Kijana huyo aliyekwisha kuuawa kwa wino ndiye aliyeandika Psycho mwaka 1959.

Mmoja wa mashahidi wa hati ile alikuwa Abdul Alhazred, na hapa inafaa kusita kidogo. Huyo ndiye “Mwarabu” ambaye Lovecraft alidai kuwa aliandika kitabu cha kutisha kiitwacho Necronomicon. Mtunzi alijipa jina hilo akiwa mtoto wa miaka kama 5, akicheza, baada ya kusoma Alfu Lela Ulela. Kila aliyepitia chuoni atatabasamu akiliona: jina limebeba “al” mbili kwa mpigo, na halisimami katika Kiarabu chochote. Hata hivyo jina la asili alilokibunia kitabu hicho, Al Azif, lina neno la kweli ndani yake, alilolipata katika maelezo ya kitaalamu ya riwaya ya kale ya Kiingereza: ni ule mvumo wa jangwani usiku ambao Waarabu wa zamani waliunasibisha na majini. Ndivyo lilivyokuwa baraza hilo. Kitabu kisichokuwapo kilitajwa na huyu, kikarudiwa na yule, kila mmoja akiongeza mlango au aya, hata wasomaji wakaanza kukiulizia kwa wauza vitabu.

Lovecraft alipofariki, hakuacha mali ya kugombewa. Aliacha karatasi. Msimamizi wa maandishi aliyemchagua mwenyewe alikuwa Robert Barlow, kijana wa miaka 18, ambaye tangu utotoni alikuwa akimpigia taipu miswada yake, ujira wake ukiwa kubaki na karatasi zenye mwandiko wa bwana. Barlow alizipeleka karatasi hizo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Brown, Providence, na ndiyo maana zipo. Yeye mwenyewe baadaye alihamia Meksiko, akawa mtaalamu wa lugha ya Kinahuatl, na alifariki Januari 1951. Kati ya watu wote wa baraza lile, huenda ndiye anayestahili zaidi riwaya ya peke yake.

Kazi ya kukitoa kitabu kikubwa ilibebwa na wengine wawili, August Derleth wa Wisconsin na Donald Wandrei wa Minnesota. Walikwenda kwa wachapishaji wakubwa, wakakataliwa. Mwaka 1939 wakaanzisha kampuni yao, Arkham House, katika mji mdogo wa Sauk City, na wakatoa The Outsider and Others: nakala 1,268, kila moja dola 5. Ilichukua miaka kadhaa kuzimaliza. Derleth alikuwa ameandikiana na Lovecraft tangu mwaka 1926, na yeye pia hakupata kumtia machoni. Akakopa ili amchape.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1940, ilitoka Johannesburg Diwani ya Muyaka bin Haji, iliyohaririwa na William Hichens. Muyaka alikuwa amefariki yapata karne moja nyuma, na asilan hakuacha kitabu. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu wa Mombasa, hadi Mwalimu Sikujua akazikusanya kwa subira, beti kwa beti, akisaidiana na mmishonari William Taylor. Hapana haja ya kuwalinganisha Muyaka na Lovecraft kwa kitu kingine chochote, na mpenzi wa Muyaka atachukia wakiwekwa meza moja. Lakini njia waliyopita ni moja: mtu amekwenda zake, soko halimjui, na waliompenda wanamshika wasimwachie.

Hadithi hii ya kuazimana na kuokoana ni nzuri, na waandishi wengi wa kujitegemea huisimulia ili kujipa moyo. Aghlabu huishia hapo. Ikiishia hapo, hata hivyo, yule msomaji wa pwani atakuwa hajaambiwa kilichomo ndani ya kitabu anachokabidhiwa.

Kilichomo ni bandari. Innsmouth ni mji wa kubuni katika pwani ya Massachusetts, uliofinyangwa kwa kiasi kikubwa kutokana na Newburyport, mji wa kweli ambao Lovecraft aliuzuru mwaka 1931, kabla ya kuketi kuandika. Zamani ulikuwa na merikebu na utajiri. Sasa paa zimeporomoka, samaki wananuka, na wakaazi wana sura isiyoelezeka: macho hayafumbi vyema, shingo zimekunjamana. Kijana msafiri anafika humo mwaka 1927, na kwa mlevi mmoja mzee anaipata siri. Nahodha Obed Marsh, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alisafiri hadi visiwa vya Bahari ya Kusini, akajifunza kule kufanya biashara na viumbe wanaoishi chini ya maji. Walimpa samaki na dhahabu. Kisha wakataka zaidi: wakataka kuoana. Watoto waliozaliwa walikuwa na sura ya binadamu, lakini kadiri miaka ilivyokwenda walibadilika, na mwisho wakateremka baharini, ambako hakuna mauti.

Kabla siri haijafichuka, msafiri anazungumza na mkata tiketi wa kituo cha treni. Bwana huyo anamweleza kwamba chuki ya majirani kwa watu wa Innsmouth ni chuki ya damu tu, na hata yeye hailaumu. Anamkumbusha kuwa meli za New England zilikuwa zikienda katika bandari za Afrika, Asia na Bahari ya Kusini, na mabaharia walikuwa wakirudi na watu wa kila namna; anataja hata mtu wa Salem aliyerejea na mke wa Kichina. Baadaye hadithi itadai kuwa kisa chenyewe ni kikubwa kuliko hayo. Lakini mtunzi alijua anapochota. Alichukua mashaka yaliyokuwamo tayari katika vichwa vya wasomaji wake, mashaka juu ya mgeni aliyeletwa na chombo, akayavika magamba.

Sasa msomaji wa Unguja aitazame tena orodha ile ya mkata tiketi. Katika miaka ile ile aliyopewa Nahodha Marsh, manahodha wa kweli wa Salem walikuwa wakitia nanga mbele ya Mji Mkongwe. Wafanyabiashara wa Salem waliishika sehemu kubwa ya biashara ya Marekani na Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitiliana mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo akafika Unguja: Richard Waters, mtu wa Salem. Kutoka hapa zilikwenda pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, na sandarusi hiyo ilisafishwa Salem kabla ya kufanywa vanishi ya kupakia samani. Kutoka kule kilikuja kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya New England, nacho kilivaliwa, kikalipiwa ushuru, kikapanda na misafara hadi maziwa makuu, na jina lake halijatoka katika Kiswahili: merikani. Kuna bibi wengi waliokufa wakilitamka neno hilo bila ya kujua kuwa wanautaja ule upande wa bahari.

Na kwa Lovecraft, Salem haikuwa mbali: Arkham, mji wa kubuni unaorudi katika hadithi zake nyingi, aliujenga kwa kuiangalia Salem. Kwa hivyo ile bandari ya kigeni inayonong'onwa pembezoni mwa hadithi, mahali ambako mtu mweupe anakwenda mzima na kurudi amebadilika, yaweza kabisa kuwa hii yenye forodha na misikiti yake, watu wanakonunua mkate wa ufuta kila asubuhi. Humu, kuwa na babu wa Hadhramauti, bibi wa Kimanyema na mjomba wa Kingazija ni jambo la kuelezwa barazani kwa fahari, au kwa mzaha. Ndiyo maisha. Mtu hajifungii chumbani kwa khofu akitazama shingo yake kwenye kioo.

Tena iko mizani nyingine ambayo hadithi haikuipima. Katika karne ya 18 Rhode Island, jimbo la Lovecraft, ndilo lililoongoza makoloni yote ya Marekani katika kupeleka meli Afrika kuchukua watumwa. Ikiwa kilipita kitu cha kutisha katika bandari za New England, kilikuwa na hati za shehena na saini za waheshimiwa. Lovecraft aliyapenda majumba ya zamani ya Providence kuliko kitu chochote duniani, akayaeleza kwa mapenzi makubwa, na fedha iliyoyajenga hakuiona kuwa ni maudhui ya kutisha.

Haifai kumtetea kwa kusema zama zake ndizo zilikuwa hivyo. Zama zilikuwa mbaya, naye alikuwa mbaya kupita wengi wa marafiki zake. Barua zile zile zilizokuwa na ukarimu wa kuazima vitabu zina matusi juu ya Waafrika, Wayahudi na wahamiaji wa New York, alikokaa kuanzia 1924 hadi 1926. Mwaka 1921 kigazeti kimoja cha chama kilikuwa kimechapa hadithi yake juu ya ukoo wa Kiingereza wa Jermyn: babu yao, msafiri wa Kongo, alirudi na mke asiyeonyeshwa watu, na mjukuu wa mwisho anajichoma moto siku anapogundua kwamba bibi huyo alikuwa nyani mweupe. Msomaji wa Kongo au wa Ujiji hahitaji mwalimu kumfafanulia hadithi hiyo. Na inafaa kukumbuka kwamba haikupitishwa na mhariri mwenye tamaa ya kuuza. Ilipita katika njia ya kujitegemea, kwa mikono ya marafiki, ile njia inayosifiwa kuwa safi.

Mkewe, Sonia Greene, waliyeoana mwaka 1924 na kuachana baada ya miaka michache, alikuwa Myahudi. Samuel Loveman, yule aliyempa mashairi ya Smith, naye alikuwa Myahudi. Miaka mingi baada ya mazishi Loveman alisikia kwa Sonia yale ambayo rafiki yake alikuwa akiyasema juu ya Wayahudi pale yeye asipokuwapo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alizichukua barua za Lovecraft alizokuwa amezihifadhi, akazichoma. Katika kisa chote hiki, kilichojaa watu wanaookoa karatasi, huyo ndiye mmoja aliyezitia moto, na ni vigumu kupata neno la kumlaumu.

Waliofuata walichagua njia nyingine. Tuzo ya World Fantasy, iliyoanza kutolewa mwaka 1975, ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Mwaka 2011 ilikwenda kwa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kwa riwaya yake Who Fears Death, inayotokea katika Sudani ya wakati ujao. Alipoambiwa juu ya shairi moja la Lovecraft la kuwadhalilisha watu weusi, Okorafor aliandika hadharani juu ya mashaka ya kuwa na kichwa cha mtu huyo nyumbani mwake. Mjadala ukawaka, na ulikuwa mkali. Mwaka 2015 ikatangazwa kuwa sanamu hiyo itaachwa, na tangu 2017 washindi wanapewa mti uliokumbatia mwezi. Mwaka 2016 Victor LaValle, mwandishi mweusi wa New York, akatoa kitabu chembamba, The Ballad of Black Tom. Alichukua hadithi ya Lovecraft juu ya Red Hook, mtaa mwingine wa bandarini, ambamo wahamiaji ni kundi la vivuli viovu visivyo na majina, akaisimulia upya kutoka kwa kijana mweusi wa Harlem anayemsaidia baba yake kuishi kwa kupiga gitaa na kutapeli kidogo. Kitabu kimetunukiwa Lovecraft mwenyewe, na mtunzi hakuficha kwamba anamtunukia kwa moyo uliogawika. Hayo nayo ni majibizano. Bloch alimuua bwana kwa mzaha na kwa ruhusa. LaValle hakuomba ruhusa, wala hapakuwa na mzaha.

Msomaji wa visiwani, akifika hapa, aweza kujiona yuko juu kidogo. Asiharakishe. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilikumbwa na khofu ya Popobawa. Watu waliogopa kulala ndani, wakalala nje kwa makundi, moto ukiwa unawaka. Katika usiku ule ule wa kukaa pamoja, kusimuliana na kupeana moyo, kila msimulizi aliongeza chake, kama walivyofanya wale wa Necronomicon. Na mwezi Aprili mwaka huo, mjini Unguja, kijana mmoja mgonjwa wa akili, mgeni aliyekuja kutoka bara kutafuta matibabu, aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Bandari hii iliyozoea kila sura ya mwanadamu ilimtazama mtu asiyejulikana, mwenye mwenendo usioeleweka, ikaona jini. Magamba ya Innsmouth hayahitaji New England ili yaote.

Muhammed Said Abdulla alikwisha kuigusa sehemu hiyo ya moyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya mswada wake kushinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958. Maiti inaonekana mahali pa mzimu, na kila mtu yu tayari kuuachia mzimu kesi. Bwana Msa anakataa. Anawasha kiko, anauliza maswali ya binadamu juu ya binadamu. Kuna wasomaji wanaosikitika kuwa mzimu mwishowe hauna kitu. Mwaka 1995 palihitajika akina Bwana Msa zaidi.

Basi kitabu cha Innsmouth kiazimwe au kifungiwe? Wanaosoma kwa kuazimana, iwe kwa bahasha au kwa simu ya mkononi, wataazimana tu. Hilo haliulizi ruhusa. Bora kiende pamoja na habari ya Loveman na moto wake, na kiende kwa msomaji mzima, atakayekisoma hadi mwisho, maana mwisho wake umemponyoka mtunzi. Kijana aliyetoroka Innsmouth usiku, na ambaye taarifa yake ndiyo iliyoleta askari wa serikali kuukamata mji, anafuatilia nasaba yake na kukuta kuwa bibi mzaa bibi yake alikuwa wa ukoo wa Marsh. Anajitazama kwenye kioo. Sura ile imeanza. Kwanza ananunua bastola. Kisha ndoto zinamjia: majumba chini ya maji, bustani za matumbawe, na bibi yake akimkaribisha kwa upole. Polepole, aya kwa aya, sauti iliyokuwa ikitetemeka kwa karaha inatulia, na inaanza kuimba.

Mhakiki mwenye shaka atasema kuwa hicho ndicho kitisho chenyewe: kwamba mtu amefika kuupenda uharibifu wake. Ndivyo Lovecraft alivyokusudia, bila shaka. Lakini alikuwa fundi wa kweli wa sentensi, na sentensi zile za mwisho hazina karaha ndani yake, zina hamu. Mtu aliyeishi akiogopa kila kilichotoka baharini alimpa msimulizi wake jamaa wa baharini wanaomjua kwa jina. Anayesoma hapo akiwa amekaa ukingoni mwa Forodhani, maji yakipanda, ataisikia hamu hiyo bila ya kushurutishwa kuiogopa. Kijana ameacha kufikiria bastola. Anapanga kumtorosha binamu yake, aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu mabadiliko yalimpata mapema. Watakwenda wote wawili hadi Innsmouth, waogelee mpaka kwenye mwamba, wapige mbizi. Kurasa zinakwisha wakiwa bado hawajaondoka.